Rehani ya Macho

Matokeo ya kata ya mwisho yalipoingia, ukumbi wa chama ulipasuka kwa vigelegele, na vikaendelea mpaka mtu mmoja akapiga hesabu na kugundua kwamba hatujashinda. Kuongoza tulikuwa tumeongoza. Chama cha Bonde viti ishirini na vinne, Chama cha Juu ishirini na kimoja, na wale Wachuuzi, ambao kila mtu alikuwa akiwacheka tangu kampeni zianze, sita. Baraza la jimbo lina viti hamsini na kimoja. Vigelegele vikafifia, akina mama wakashusha vitenge walivyokuwa wakivipeperusha, lakini bendi ilikuwa imelipwa mpaka jioni, kwa hiyo ikaendelea kupiga.

Mama hakutikisika. Alisimama mbele ya skrini, mikono nyuma. Sekela Mwalwisi, mwenyekiti wetu, ambaye Bonde zima lilimwita Mama wa Maji kwa sababu alikuwa ameapa mbele ya kila kisima kilichokauka kwamba atafungua milango ya bwawa. Kisha akageuka, akanitafuta kwa macho, akaniita kwa kidole. Mimi nilikuwa nimeshinda kata ya Wangama, ya mbali kuliko zote, vumbi tupu, kwa kura nyingi kuliko mgombea mwingine yeyote wa chama. Nilikwenda mbio.

"Subilaga, nenda ukaoge," aliniambia, watu wakisikia. "Unanuka jasho. Kesho tunakutana na Luvanda."

Nikafurahi. Niliondoka pale nikitabasamu peke yangu kama mwendawazimu, na kama wewe si mtu wa jimbo letu itabidi nikueleze kwa nini.

Sisi tuna Mizani. Zamani serikali za muungano zilikuwa zikivunjika kila mwaka, na kila ikivunjika watu wanachinjana, mpaka watunga sheria wakachoshwa na viapo vya kushika Biblia na Kurani. Wakaleta mashine. Sasa chama kinachotaka kuingia kwenye muungano lazima kiweke rehani, yaani mtu mmoja, yule ambaye kiongozi wa chama anampenda kuliko wote duniani. Mizani ndiyo inayomchagua. Akishachaguliwa anawekewa kitasa, kidude kidogo kuliko punje ya ulezi, kwenye mshipa unaopeleka mwanga kutoka jichoni. Mkataba ukitimizwa, miaka mitano ikiisha kitasa kinatolewa. Chama kikiuvunja, kitasa kinajifunga, na mtu huyo haoni tena mpaka anaingia kaburini. Na kiongozi ambaye Mizani haimwoni akimpenda mtu yeyote hapewi serikali kabisa, maana huyo hana wa kumpoteza, ataogopa nini?

Haikuchukua muda wanasiasa wakaipatia dawa yake. Ndipo ulipozaliwa upoozaji.

Mpoozaji wetu alikuwa Katibu Mwandemele, mtu mpole, mzee wa kanisa, mwenye sauti ya daktari wa meno. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ukatibu wa chama. Ya pili ilikuwa kumfundisha mama yangu asinipende. Usile naye sahani moja. Akiugua, mtume dereva. Akishika namba ya kwanza darasani, muulize kwa nini mwandiko wake mbaya. Jumamosi mpige kofi bila sababu, kwa kuwa kofi lenye sababu ni malezi, na malezi yanaamsha moyo. Nilikuwa na miaka minane walipoanza, na baba alikuwa ameshakufa, kwa hiyo hapakuwa na wa kuuliza.

Shule ya bweni ndiyo iliyoniokoa. Watoto wa wanasiasa tulikuwa na meza yetu pale bwaloni, na tuliringishiana. Mmoja angesema, "Mimi nimelazwa wiki mbili, baba hajaja." Mwingine, "Mama ameuza baiskeli yangu nikiwa naiangalia." Mimi nilikuwa nafungua mdomo na kuwaonyesha pengo la jino, na meza nzima inanyamaza kwa wivu. Kulikuwa na mvulana mmoja aliyekuwa akitembelewa kila mwezi na kuletewa biskuti. Tulimhurumia sana. Baba yake alikuwa diwani tu na hakuwa na tamaa ya kupanda zaidi.

Hayo ndiyo niliyoyala na kuyanywa. Kila kofi la mama nililipokea nikijua ni gharama anayoilipa ili macho yangu yabaki kuwa yangu. Niliamini kwamba mtu hawezi kujitesa hivyo kwa ajili ya mtoto asiyempenda. Kwa hiyo aliponiambia mbele ya ukumbi mzima kwamba nanuka, nilimwona mwanamke ambaye hajachoka, hata siku ya matokeo. Nikaenda kuoga.

Ikupa aliletwa nilipokuwa na miaka kumi na miwili, yeye ana sita. Mama yake, mdogo wake mama, alikufa kwa kipindupindu baada ya kunywa maji waliyoyafukua kwenye mchanga wa mto. Akaingia nyumbani kwetu na kigauni kimoja, na kuanzia siku hiyo akawa mboni ya jicho la mama. Alilishwa kwa mkono. Alilala kitanda cha mama. Akikohoa tu, daktari anaitwa. Nilimtazama mama akimbeba mgongoni, mtoto mkubwa vile, mpaka sokoni.

Katibu Mwandemele aliniona nimekaa ngazini, akaja akaketi karibu yangu.

"Vumilia, binti yangu," alisema. "Mizani lazima ipate mtu. Yule ni wa kazi."

Nilielewa palepale. Mama alikuwa anafuga mtu wa kutoa mahali pangu. Basi nami nikampenda Ikupa, sikuona sababu ya kumchukia. Nilimsuka nywele, nikamfundisha kusoma, nikamwachia minofu. Nilimpenda kama mnavyompenda mbuzi mnayejua siku yake.

*

Mazungumzo yalifanyika katika nyumba ya wageni ya misheni, kwa sababu ndiyo pekee mjini ambayo hakuna chama kilichowahi kuichoma moto. Sheria inataka wale wanaoweza kupimwa wawepo mezani. Upande wetu tulikuwa mama, Mwandemele, mimi na Ikupa, ambaye sasa alikuwa binti wa miaka kumi na sita mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili.

Kaspari Luvanda, kiongozi wa Chama cha Juu, hakuingia kama watu wanavyoingia. Alijilaza chali kizingitini na suti yake ya bei mbaya, akafumba macho.

"Nimekufa!" alipiga kelele. "Nimekufa kwa harufu ya watu wa Bonde. Sifufuki mpaka nipewe jogoo!"

Watu wa Juu na watu wa Bonde ni watani tangu vita ambavyo hakuna anayekumbuka nani alishinda. Mtani anaweza kukutukana msibani, kukaa juu ya jeneza la baba yako, kukuita mchawi mbele ya askofu, nawe unacheka. Anayenuna anatozwa kuku na watu wake wenyewe wanamcheka. Ndiyo mila, na wala simchukii aliyeianzisha, lakini sijaona mahali pazuri zaidi pa kumficha mtu mbaya.

"Mzike hukohuko mlangoni," mama alisema bila kuinua kichwa. "Nguruwe wa mlimani hastahili kaburi la misheni."

Luvanda akainuka akijifuta vumbi, akacheka, akakaa. Kazi ikaanza.

Alichotaka kilikuwa kimoja. Huko Juu mashamba ya parachichi yalikuwa yamemeza mlima mzima, na parachichi linakunywa. Milango ya bwawa ilikuwa imefungwa mwaka wa kumi na moja sasa, mto wetu ukawa barabara ya mchanga. Luvanda alimpa mama ukuu wa jimbo, wizara ya fedha, polisi, hata idara ya maji yenyewe. Yeye alitaka sharti moja tu liandikwe, kwamba Baraza likipitisha kura ya kufungua milango ndani ya miaka mitano, Chama cha Bonde kitahesabika kimevunja mkataba.

Mpango wetu, ambao mama na Mwandemele walikuwa wameupika kwa miaka kumi, ulikuwa mwepesi. Kubali kila kitu. Chukua ukuu, chukua polisi, pitisha bajeti. Kisha fungua milango, maji yateremke Bonde, mashamba ya Luvanda yakauke, na deni lilipwe kwa macho ya Ikupa. Jozi moja ya macho kwa uhai wa watu laki tatu. Mwandemele alikuwa na namna ya kulisema hilo mpaka ukaona kama ni sadaka ya Jumapili.

Wakati wa chakula cha mchana Luvanda alimtazama Ikupa muda mrefu, kisha akapiga meza.

"Ala! Mtani, huyu binti umemnenepesha! Sijawahi kuona mbuzi wa Krismasi aliyechanwa nywele vizuri namna hii. Unamchinja lini, kabla ya bajeti au baada?"

Meza nzima iliangua kicheko. Wapambe wake walicheka, sista aliyekuwa akigawa wali alicheka. Ikupa alicheka kuliko wote, akajifuta machozi na kusema, "Baba, mimi mgumu, utavunja meno!" Nilimtazama Mwandemele. Kijiko chake kilikuwa kimesimama hewani.

"Baada ya bajeti, mtani," mama alijibu, naye anacheka. "Na usihofu, wewe utaletewa utumbo."

Wakacheka tena. Mpango wote ulikuwa umemwagwa pale juu ya meza, mbele ya mwenye macho, na hakuna mtu aliyeweza kuuokota. Huku akicheka mama alikuwa akichambua samaki, anatoa mwiba mmoja mmoja na kuuweka pembeni, kisha anasukuma mnofu kwenye sahani ya Ikupa. Alifanya hivyo bila kutazama, katikati ya ubishi kuhusu idara ya maji. Nikamsifu moyoni. Niliona hajisahau hata kidogo.

Tulipokuwa tunanawa, Luvanda alisimama karibu nami. Safari hii hakutania.

"Mama yako anadhani mimi mjinga," alisema kwa sauti ya chini. "Najua anachopanga. Nasaini hata hivyo."

"Kwa nini, mzee?"

"Kwa sababu nimemwona anavyotoa miiba," alisema, akachukua taulo.

*

Mpimaji alitoka makao makuu ya shirikisho, mwanamke mwembamba mwenye mafua, anayepiga chafya kila baada ya sentensi mbili na kuomba radhi. Mizani yenyewe haitishi kuiona. Ni kiti, taji la nyaya analovaa kiongozi, na kioo chenye mstari wa kijani. Anayepimwa anakaa mbele ya kiongozi, wanashikana mikono, wanatazamana. Kadiri mstari unavyopanda, ndivyo anavyopendwa.

Luvanda alipimwa kwanza. Watoto wake saba walipita, mstari ukatikisika kidogo kwa kila mmoja. Kisha akaletwa mama yake mzazi, ajuza wa miaka tisini na kitu, wamembeba na kiti chake. Mstari ukaruka juu. Ukumbi ukashusha pumzi, kwa maana yule bibi alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, meupe kama maziwa. Alikuwa haoni tangu mwaka juzi.

"Sheria haisemi macho yawe mazima," Luvanda alisema, akambusu mama yake kwenye paji la uso. Alimpenda kweli, Mizani ilikuwa imethibitisha. Lakini rehani yake ilikuwa bure.

Kisha wakaniita mimi.

Nilikaa. Nikampa mama mikono. Sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo nilipomgusa kwa hiari yake. Viganja vyake vilikuwa vikavu. Nikamtazama machoni, na nilikuwa nimejiandaa kwa siku hiyo maisha yangu yote. Niliogopa kitu kimoja tu, kwamba upoozaji utashindwa, mstari utaruka, atashindwa kunificha. Nilimwambia kimoyomoyo, shikilia mama, umekaribia.

Mstari ulilala.

Nilitaka kupiga kelele kwa furaha. Ameweza! Miaka kumi na minne ameipiga mweleka mashine! Nikageuka kumtazama Mwandemele, nikakuta ameinamisha kichwa. Mpimaji akapenga kamasi, akasogea karibu na kioo, akagusa kitufe, akakigusa tena.

"Samahani," alisema. "Huyu ni mtoto wa kumzaa?"

"Ndiyo," mama alisema.

"Mliwahi kutumia upoozaji? Semeni tu, siyo kosa la jinai."

Mpimaji akaendelea kwa upole wa mtu anayesomea wagonjwa majibu yao. "Watu wanadhani upoozaji unaidanganya Mizani. Hauidanganyi. Mtu anayeficha upendo, mstari wake unatetemeka chini kwa chini, hivi, mnaona kama huu wa mzee Luvanda kwa binti yake wa tatu. Tunauita mtetemo wa kificho. Ningeuona." Akapiga chafya. "Hapa hakuna kinachofichwa. Hapa hakuna kitu."

Nilibaki nimeshika mikono ya mama. Yeye ndiye aliyeitoa.

Ikupa alikaa kwenye kiti kile kikiwa bado na joto langu. Kabla hata hawajashikana mikono vizuri, mstari ulipanda, ukapita pale ulipofika wa Luvanda kwa mama yake, ukagonga ukingo wa kioo na kubaki hukohuko. Mama alikuwa analia. Alikuwa anatazama mstari ule na kutikisa kichwa, anasema "hapana, hapana," na nikaona kwamba hata yeye hakuwa anajua.

Ikupa alimkumbatia. "Usilie, mama," alisema. "Ni miaka mitano tu. Mimi nakuamini."

Wakasaini saa hiyohiyo. Kitasa kiliwekwa kabla ya chai ya saa kumi.

*

Asubuhi iliyofuata nilimkuta mama jikoni, anamkaangia Ikupa maandazi kwa mkono wake, yeye Mkuu wa Jimbo mteule. Nilisimama mlangoni.

"Uliacha lini?" nilimuuliza.

Hakujifanya hajaelewa. Hilo nampa, hakuwahi kuwa mwongo nyumbani.

"Sijui, Subilaga. Mwanzoni nilikuwa nikikupiga naenda chooni kutapika. Kisha nikawa sitapiki. Nilidhani ni mazoea." Akageuza andazi. "Nilikuwa najifanya, halafu siku moja nikaona sijifanyi."

"Na Ikupa?"

"Naye nilikuwa najifanya."

Maandazi yalikuwa yanaiva. Nilingoja aseme neno moja zaidi, lolote. Alisema kwamba milango haitafunguliwa. Alisema amekwisha mweleza Mwandemele kwamba mpango umekufa, watatafuta njia nyingine, watachimba visima, watanunua maji kwa malori. Mtu akimgusa Ikupa, atakiona cha mtema kuni. Nilimuuliza kuhusu watu laki tatu. Akaniambia nisiwe na roho ngumu.

*

Malori ya maji yalifika Wangama mara mbili, kisha yakawa hayaji. Bajeti ilipita. Mama alihamia Ikulu ya jimbo na Ikupa, na katika picha zote wameshikana mikono.

Nilikwenda kwenye kata yangu wakati kipindupindu kimerudi. Zahanati ilikuwa imejaa, wagonjwa wengine wamelazwa nje kwenye mikeka chini ya turubai la kampeni, uso wa mama ukiwachekea kutoka juu. Nesi mmoja, Tuntufye, aliyekuwa wakala wangu siku ya uchaguzi, alinipeleka nyuma ya jengo. Kulikuwa na vitoto vitatu vimefungwa vitenge, vimepangwa kivulini vikisubiri mtu mwenye nguvu ya kuchimba.

"Mheshimiwa, mwulize mama yako," alisema. "Maji ya kuwanyweshea dawa tunayatoa wapi? Tunayafukua mchangani, na hukohuko ndiko ugonjwa uliko." Hakuwa anapaza sauti. "Tuliwapigia kura tukacheza ngoma. Nilicheza mpaka viatu vikakatika."

Nilishika jembe, nikachimba kaburi moja, viganja vikachubuka, nikarudi mjini.

Mwandemele alikuwa ananisubiri. Wachuuzi walikuwa wamewasilisha hoja ya kufungua milango, na yeye alikuwa amezunguka kimyakimya akikusanya wajumbe wetu waliochoka kuzika. Alikuwa nao kumi na tisa. Ukiongeza na Wachuuzi sita ni ishirini na watano. Luvanda na watu wake, pamoja na mama na watatu wanaomwogopa, nao ni ishirini na watano.

"Umebaki wewe," alisema. "Na wewe nilijua hatutakuwa na shida. Wewe umeshapoa."

Nilitaka kumpiga. Alikuwa anatabasamu kwa wema, kama fundi anayetazama kazi yake.

*

Siku ya kura, mama alinikuta kwenye ukumbi mdogo wa nje ya Baraza. Aliwafukuza walinzi. Akapiga magoti, Mkuu wa Jimbo, kwenye sakafu ya marumaru, akanishika miguu.

"Mwanangu," alisema.

Nilikuwa nimelingojea neno hilo tangu nikiwa na miaka minane. Nilikuwa nimeliwazia katika kila namna, na katika zote sikuwahi kuliwazia hivi, nikiitwa kwa ajili ya mwingine.

"Mwanangu, nakuomba. Yule mtoto hana kosa. Niue mimi, nitukane, nivue ukuu. Usimzime macho."

"Na wale wa Wangama, mama? Wana kosa gani?"

"Sijawaona hao," alisema. "Ninamwona yeye."

Alikuwa anasema kweli, na ningeweza kumsamehe kama ingekuwa mimi ndiye ninayeonwa. Nilimwambia ainuke, watu watamwona. Sikumwambia nitapiga kura gani kwa sababu nilikuwa sijui.

Ndani, Ikupa alikuwa amekaa jukwaa la wageni, mstari wa mbele, amevaa gauni la njano. Aliponiona akanipungia. Alikuwa ameshaelezwa kila kitu, magazeti yalikuwa hayana habari nyingine mwezi mzima. Alikuwa amenijia asubuhi, akanipa kichwa nimsuke kama zamani, na nikiwa katikati ya nywele akauliza, "Dada, hutaniacha, sivyo?" Nilimwambia atulie, nitamvuta nywele.

Spika akaita majina kwa kata, kila mjumbe akijibu kwa sauti. Wangama huitwa mwisho. Ndiyo, hapana, hapana, ndiyo. Mama aliposema "hapana" sauti ilimkatika. Luvanda alisema lake akiwa ameegemea kiti, ananitazama, na kwa mara ya kwanza niliona mtani hana la kutania. Kwenye ubao ikasimama ishirini na tano kwa ishirini na tano.

"Mheshimiwa Subilaga Mwalwisi, Wangama."

Nilifikiria vile vitoto vitatu kivulini. Ninaapa nilivifikiria. Lakini pia nilimfikiria mama akichambua samaki, na yote mawili yalikuwa ndani yangu kwa pamoja, yameshikana, sikuweza kuyatenganisha wala sikujaribu.

"Ndiyo," nilisema.

Mizani haingojei nyundo ya Spika. Ilihesabu papo hapo. Juu jukwaani Ikupa alisema kwa mshangao, wala si kwa kelele, "Umeme umekatika?" Akangoja mtu amjibu. Kisha akanyoosha mikono mbele, akagusa bega la mgeni aliyekaa karibu, akalipapasa, akalia.

Mama aliruka meza. Sijawahi kuona mtu wa umri ule akikimbia vile. Alipofika jukwaani, alimkumbatia, lakini Ikupa alimsukuma, akawa anageuza uso huku na huku akitafuta sauti.

"Dada!" aliita. "Dada Subi, nishike mkono! Siwaoni, dada, njoo unishike!"

Kanuni za Baraza zinasema mjumbe aliyepiga kura lazima abaki kitini mpaka Spika agonge nyundo. Akiinuka kabla, kura yake imekufa. Macho ya Ikupa yasingerudi kwa mimi kuinuka, ila milango ingebaki imefungwa. Spika alikuwa mzee, akaanza kusoma hoja upya tangu mwanzo, kama sheria inavyotaka, kifungu kwa kifungu, akitafuta mistari kwa kidole, na kule juu niliitwa tena, na tena, kwa jina langu la nyumbani.

Nilishika mikono ya kiti, nikakaa.